Chuma cha Kushikilia

Mimi nikiingia bafuni kwa mtu, cha kwanza kutazama ni mashimo. Sitazami rangi ya vigae, wala sinki, wala kioo. Naenda moja kwa moja pale bomba la maji linapotokea ukutani, nainama, na papo hapo najua fundi aliyepita hapo ni wa aina gani. Kama shimo limetafunwa kwa nyundo halafu likafichwa kwa simenti nyeupe, natoka nimenuna. Rafiki zangu hapa Juba wameshanizoea. Wanasema nikialikwa chakula cha mchana huwa nakuja kukagua choo.

Nina sababu ya kuringa. Kazi ya vigae nilijifunzia Nakuru, msichana peke yangu kwenye saiti iliyojaa wanaume, na tangu nihamie Juba nimepanga vigae vya hoteli, vya zahanati, na vya nyumba za watu walionitazama juu hadi chini kabla ya kunikabidhi ufunguo. Vigae laini kila mtu anatoboa. Wanaonitafuta mimi ni wale walionunua vigae vigumu, vile vinavyolia kama sahani ukivigonga, halafu fundi wao wa kwanza akavipasua na kuzima simu.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ilikuwa bafu dogo sana, upande wa Rejaf, kwa mwanamke mmoja wa rika langu. Alikulia Uganda, ukimbizini, akarudi Juba akaanza kupika maharage na chapati kwenye kibanda karibu na Bilpam. Ndipo nilipomjulia, mimi nikiwa mteja wa chapati zake. Nyumba alikuwa anaijenga chumba kimoja kimoja, kadiri sufuria zilivyomruhusu. Chumba cha mwisho kilikuwa cha mama yake, na bafu lilikuwa la mama yake pia.

Mama mwenyewe alikuwa bado Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi huko Adjumani. Amani ilipotangazwa hakurudi, barabara ilipofunguka hakurudi. Binti alikuwa amembembeleza miaka mingi. Mwishowe mama alikubali kuja kuona, akaweka sharti moja tu, na binti alinieleza sharti hilo siku ya kwanza akiwa bado na unga mikononi.

"Amesema magoti yake iko na shida. Amesema kama kuna mahali ya kuoga yeye mwenyewe, bila mtu kumshika, atakaa. Kama hakuna, anarudi Adjumani. Mama yangu akisema kitu, fundi, amesema."

Kwa hiyo kilichotakiwa kilikuwa chuma cha kushikilia. Fundi wa kuchomelea alikuwa amekikunja vizuri kutoka bomba la chuma, kina bapa kila upande na matundu ya bolti. Kazi yangu ilikuwa kupanga vigae na kukifunga chuma hicho ukutani kiasi kwamba mtu mzima akining'inia, kisitikisike.

Shida ilikuwa vigae vyenyewe. Alivipata kwa bei ya kutupa, mabaki ya jengo moja la hoteli, vya kijani kilichoiva kama majani ya muhogo baada ya mvua. Vilikuwa vizuri na vigumu kama roho ya mwenye nyumba wangu. Vilitosha kuta zile na kubakiza vipande tu. Nilizunguka maduka yote ninayoyajua na sikuona kingine cha rangi ile. Kikipasuka kimoja, imekula kwetu.

Biti halisi ya almasi, ile ncha ya drili, ingebidi iagizwe Kampala au Nairobi, na pesa yake ingekula mlango wa chumba cha mama. Zile za bei nafuu nilishazijaribu. Almasi yake imepakwa tu juu kama rangi ya kucha. Kigae cha kwanza inaingia, cha pili inatoa moshi. Mwenye kibanda cha chapati aliniuliza tutafanyaje. Nikamwambia yeye apike chai, mashimo aniachie mimi.

Nilikwenda kwa fundi wa pikipiki barabara ya Mangateen nikaomba kidogo ile dawa nzito ya kusagia valvu, yenye grisi na chenga kali ndani yake, wanayoipaka wakitaka valvu ya injini ikae sawa. Kisha nikatafuta kipande cha bomba jembamba la shaba kutoka kiyoyozi kibovu. Hiyo ndiyo biti yangu. Mdomoni nakata meno machache kwa msumeno wa chuma, si ya kukata kigae, ni ya kubebea dawa. Upande wa pili nachomeka kijiti ndani ya bomba ili drili isilibonyeze. Swichi ya nyundo kwenye drili, ile ya kuifanya igonge, naizima, na ole wake atakayeiwasha. Napaka dawa, naanza polepole bomba likiwa limeinama kidogo, mpaka lijichimbie kijia chake, ndipo nalisimamisha. Shaba ni laini, yenyewe haikati kitu. Zinazokata ni zile chenga. Naongeza dawa, nadondosha maji, nainua kidogo, nashusha. Sisukumi. Mwenye haraka akiniangalia hapo anaweza kuchukia, lakini shimo likitoka ni la mviringo safi, na kidole chako hakishikwi na ukali wowote pembeni.

Basi tukapima. Nilimuuliza binti mama yake ana urefu gani.

"Kama mimi," akasema. "Watu walikuwa wanachanganya sisi kwa mgongo."

Akaingia bafuni, akasimama chini ya bomba la mvua, akanyoosha mkono kama mtu anayetaka kujishikilia asiteleze. Nikaweka alama pale kiganja chake kilipogusa. Vigae vya sehemu hiyo nilivitoboa vikiwa bado chini, vimelala juu ya ubao bapa, halafu nikavipanga. Vilipokauka nikafunga chuma kwa bolti za kupanuka, nikakishika kwa mikono miwili, nikainua miguu yote nikaning'inia. Hakikulia hata kidogo. Yule mwanamke alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia.

Mama alifika siku ya Jumamosi. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa namalizia ukuta wa jikoni. Binti alikwenda kumpokea kwenye gari la kutoka Nimule, mpakani, na waliporudi nilisikia geti, nikatoka nikiwa na tabasamu langu la fundi anayesubiri sifa. Aliyeingia alikuwa amejikunja kiunoni, uso unatazama ardhi, mkono mmoja kwenye fimbo. Ili anione ilibidi ageuze kichwa kando. Binti alikuwa nyuma yake amebeba mzigo, na macho yake yakanitafuta.

Baadaye tulijua. Mama alianguka kwenye bomba la maji la makazi, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya, na hakumwambia mtu wa Juba. Mimi simlaumu, maana simu zetu wote tulio mbali na nyumbani nazijua. Zinaanza kwa hali. Hujambo, sijambo, watoto wazima, wazima, huko salama, salama kabisa. Mtu akishajibu salama mara zote hizo, atarudije nyuma aseme nimevunjika? Na kwenye simu ya picha anakaa kitini, unaona uso na mabega tu, na uso wa mama ulikuwa uleule. Binti alikuwa amempima mwanamke aliyeachana naye miaka iliyopita.

Alitaka kuliona bafu kabla hata ya kunywa maji. Akaingia polepole, akapitisha kiganja juu ya vigae, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kwes," akasema kwa Kiarabu cha Juba. Nzuri. "Kwes kabisa."

Kisha akainua mkono kutafuta chuma. Vidole vilipanda, vikapanda, vikaishia chini yake. Akajaribu kujinyoosha kidogo, uso ukakunjamana, akaacha. Akaushusha mkono na kuupangusa kwenye gauni, kana kwamba alitaka tu kugusa kigae cha juu aone ulaini wake.

"Nzuri," akarudia, akatoka.

Mimi nimeona mengi kwenye kazi hii. Nimetukanwa, nimefukuzwa saiti, nimedhulumiwa. Hakuna lililoniuma kama kule kupangusa mkono.

Tulikaa uani na chai. Binti alimshindilia kwa mandazi, kwa habari za majirani, kwa chochote, mpaka mama akaweka kikombe chini.

"Jumatatu mimi narudi," akasema.

"Mama, mimi iko hapa. Mimi nitakuogesha kila siku, asubuhi na jioni."

Mama alimgeuzia lile jicho la kando. "Mimi ndiyo nilikuogesha wewe. Kalas, basi. Wewe huniogeshi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mwisho sokoni. Binti akainuka akaingia jikoni, nikasikia sufuria zinagongwa bila sababu. Nami hasira ikanipanda, wala sijui nilimkasirikia nani. Nadhani nilikikasirikia kile chuma, kinavyong'aa kule juu, kimefungwa vizuri ajabu mahali pasipomfaa mtu.

Nikamfuata binti jikoni nikamwambia nakitoa chuma, nakifunga upya.

"Wapi?" akauliza, machozi yameshamlowesha. "Tailisi imeisha, fundi. Zile za kwanza ulitoboa ikiwa haiko ukutani. Sasa zote ziko na gundi, ziko na simenti. Ukipasua, hakuna ingine, na chuma haitashika. Mama ataona tumeharibu kila kitu, na atarudi tu."

"Mimi sipasui," nikamwambia.

"Wewe unajua aje?"

"Kwa sababu ni mimi."

Nakiri haikuwa hoja, lakini ndiyo niliyokuwa nayo. Nikatoka uani, nikachuchumaa mbele ya mama ili asihangaike kunitafuta kwa jicho.

"Haboba," nikamwita, kama watoto wa Juba wanavyowaita bibi zao, "naomba unioneshe unavyooga."

Alinikagua kuanzia viatu vyenye simenti hadi kilemba. "Wewe ni daktari?"

"Mimi ndiye fundi."

"Mwanamke?"

"Mpaka leo asubuhi nilikuwa mwanamke, haboba."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na ndipo nikaona jinsi alivyofanana na binti. Akanipa mkono nimwinue.

Bafuni aliomba kitu ambacho sisi wawili, kwa ujanja wetu wote, hatukukifikiria: kigoda na karai. Binti alikuwa amejenga bafu la hoteli, la kusimama chini ya maji, kwa sababu ndivyo alivyodhani mama anastahili. Nami nilitoboa kama nilivyoagizwa. Mama hajawahi kuoga amesimama maisha yake yote. Aliweka kigoda karibu na tundu la maji machafu, ukuta wa pili kabisa, akaketi na nguo zake, akashika kopo tupu na kujimiminia maji ya kudhania, begani, mgongoni, miguuni. Hapo hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtu anayejua kazi yake.

Tatizo lilikuja alipotaka kuinuka. Mkono wa kulia ukatafuta ukuta, ukateleza, ukarudi kwenye goti, goti likatetemeka. Nikamwomba abaki hapohapo na kiganja chake ukutani. Nikachora kwa penseli kukizunguka. Kisha nikamwinua polepole kwa kwapa, nikimwambia asukume pale anapopataka yeye, na kila mkono ulipohamia nikachora tena. Alama zikapanda ukutani kwa mshazari, kutoka usawa wa goti la mtu hadi kiunoni. Chuma kilitakiwa kulala hivyo, kimeinama, ili mkono upande nacho.

Nikaanza kugonga vigae kwa kifundo cha kidole. Fundi mwenye akili hatoboi kigae cha ukutani kabla ya kukisikiliza. Penye gundi tele sauti ni nzito. Penye uwazi nyuma inalia tupu, na hapo ukitoboa kinapasuka bila hata kukuaga. Sehemu moja ya juu ililia tupu. Nikasogeza chuma chote kidogo kuelekea mlangoni, nikagonga tena, nikaridhika.

Nikafungua bolti za juu. Binti alisimama mlangoni, mikono imefunika mdomo, kwa sababu tangu dakika ile hapakuwa na chuma popote na mashimo mawili mawili yalikuwa yanamwangalia. Nilimwambia kama hawezi kutazama akapige soga na kuku.

Nilitoboa ubao mwembamba, nikaubandika ukutani kwa selotepu ili uelekeze bomba lisiteleze. Dawa ya valvu ina grisi, kwa hiyo hata kwenye ukuta uliosimama inang'ang'ania. Jenereta likawashwa. Nilipotaka kumtoa mama, alikataa. Alikaa kwenye kigoda chake chini ya mkono wangu na kopo la maji, akawa anadondosha matone pale bomba linapozunguka, bila kuambiwa lini yaongezwe na lini yaachwe.

"Hii ni kusaga," akasema shimo la kwanza lilipotoka safi. "Mimi nimesaga mtama, nimesaga simsim. Usisukume."

"Sisukumi, haboba."

"Hapo ulisukuma kidogo."

Nilikuwa nimesukuma kidogo. Nikaomba radhi, tukaendelea.

Shimo la mwisho lilikuwa lile la juu, karibu na kile kigae kilicholia tupu. Nilikuwa nimefika nusu wakati jenereta lilipoanza kukohoa. Drili ikapunguza mwendo, ikaruka ghafla, ikapunguza tena, na mkononi nikasikia bomba linakamata pembe. Nikaizima. Binti akapiga kelele nje kwamba petroli ingalipo, ni uchafu tu, anaita mtu wa kulitengeneza. Lakini mimi sikutaka tena drili inayoshtukashtuka pale. Nililichomoa bomba, nikalizungushia kitambaa, nikapaka dawa mpya, nikalishika kwa viganja na kuanza kulizungusha kwa mkono.

Jua lilihama kutoka dirishani. Viganja viliwaka moto. Binti aliingia, akatoka, akaingia. Mama alidondosha maji na kunihadithia shamba la muhogo ambalo wazazi wake walikuwa nalo hapohapo Rejaf, karibu na mto, jinsi viboko walivyokuwa wakiliharibu na jinsi baba yake alivyokuwa akiwatukana kwa majina. Sikuwa na wasiwasi. Nasema hivyo bila majivuno, na kama ni majivuno basi yawe. Mikono yangu ilikuwa inajua inachofanya, na mtu aliyekuwa anahitaji shimo lile alikuwa ameketi hapo chini yangu akinilowesha viatu. Hatimaye bomba likazama kwa ghafla ndogo, na kilichotoka ndani yake kilikuwa kiduara cha kijani kisicho na ufa, kidogo kama kitufe cha shati. Nikampa mama. Alikigeuza, akakitupa kwenye ndoo ya uchafu.

Jenereta lilipopona nilimalizia tundu kwenye bloku za nyuma kwa biti ya kawaida, nikafunga chuma, nikaning'inia. Yale mashimo ya juu niliyafungia kulabu za taulo. Kabla sijakusanya vifaa vyangu, mama alikuwa ameshamwagiza binti maji ya moto kwenye karai.

"Yala," akatuambia. "Tokeni."

"Mama, mara ya kwanza niache mimi..."

"Tokeni."

Mlango ukafungwa, na komeo tukalisikia. Tulikaa kizingitini, bega kwa bega. Tulisikia kopo likichota, maji yakimwagika, yakinyamaza, yakimwagika tena. Kisha maji yakakoma kabisa. Binti alinishika kifundo cha mkono akakikaza, na nikajua wote wawili tunawaza kitu kimoja: sasa anainuka. Kama chuma kingelia, ningekisikia hata ningekuwa sokoni.

Komeo likafunguka. Alisimama mlangoni na gauni safi, maji yanamchuruzika shingoni, ananukia sabuni ya kufulia. Hakusema asante wala hakututazama usoni. Alimnyooshea binti yake kiganja kilichonyauka kwa maji, akitaka simu.

"Nipigie jirani yangu wa Adjumani."

Binti alibonyeza namba, akampa, akaegemea ukuta na kuanza kulia kwa sauti kabla hata haijapokelewa. Mama aliisogeza simu sikio la pili ili asikie.

"Ile nyumba yangu," akasema, "chukua wewe. Mbuzi pia chukua. Mimi iko nyumbani."